Bafu Lenye Mgongo

Baba yangu alikuwa mtu wa kwanza upande wetu wa Katandala kununua marumaru za bafu. Kabla hazijafika bafuni zilikaa sebuleni wiki tano, katoni zimepangwa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa moja. Baba aliipangusa kwanza kwa mkono wa shati, kisha akaigonga kwa ukucha. "Sikia," alisema. Mgeni akasikia. Sijui alisikia nini. Mimi nilikuwa naleta chai, naweka birika, naondoka kabla sijaulizwa nasoma kidato gani.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nina daftari ninaloandika mambo nisiyoweza kuyasema, na kwa kuwa karibu kila kitu siwezi kukisema, hilo daftari sasa ni la nne. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mpole mno. Si kweli. Nina aibu tu. Mtu mpole hawawazii wenzake ninayowawazia mimi.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na baba, aliyekuwa karani wa ghala la ushirika, kazi yake kuandika magunia ya watu wengine, aliacha kazi akaanza kununua mahindi yake mwenyewe vijijini na kuyapeleka Tunduma kwa lori la kukodi. Kutoka Tunduma lori halikurudi tupu. Lilileta sabuni za kunukia, redio, viatu vya plastiki. Maduka ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na chumvi na viberiti sasa yalikuwa na vitu ambavyo hata wenye maduka hawakujua vinatumikaje. Safari moja baba alilala Tunduma kwenye nyumba ya wageni yenye bafu la marumaru. Akaoga amesimama, maji yanatoka juu. Alirudi si mtu wa kawaida tena. Safari iliyofuata lori likaleta katoni.

Jioni hiyo, tukila, alitangaza kwamba bafu ni kwa ajili ya bibi.

Hapo ndipo nilipoanza kumdharau, maana alisema uongo huku ameshika tonge. Bafu lilikuwa kwa ajili ya wageni. Bibi alikuwa sababu tu, kama vile mtu anavyonunua redio akasema ni kwa ajili ya kusikiliza misa.

Lakini kweli bibi alihitaji bafu. Huyu ni mama yake baba. Bafu letu la zamani lilikuwa nje, uzio wa mabati na mawe manne bapa ya kusimamia. Mwezi wa saba upepo wa Ufipa ukishaanza, maji ya moto yanapoa kati ya jikoni na bafuni. Bibi alikuwa anaharakisha kwa sababu ya baridi, akateleza juu ya mawe, akaangukia nyonga. Hospitali wakamlaza wiki tatu, wakamrudisha na fimbo. Tangu hapo aliogeshwa chumbani kwake, ndani ya beseni, na mama yangu. Mama ni mtu wa haraka katika kila jambo.

"Mkwe wangu ananisugua kama sufuria iliyoungulia ugali," bibi aliniambia. Yeye huzungumza nami Kifipa. Naandika maneno yake kwa Kiswahili kwa sababu Kifipa hakuna aliyenifundisha kukiandika.

Kesho yake, baada ya tangazo la baba, bibi aliniita, akaniambia nifunge mlango.

"Nisikilize, mjukuu wangu, na usiende kupiga kelele." Kana kwamba mimi hupiga kelele. "Nitalisubiri hilo bafu la mwanangu. Nikiweza kuingia humo kwa miguu yangu, nikafunga mlango, nikaoga peke yangu, nitakaa hapa. Nikishindwa, narudi kijijini."

"Kijijini kuna nani, bibi?"

"Hakuna. Ndiyo raha yake. Hakuna wa kunigeuzageuza."

Nyumba yake ya kijijini ilikuwa imefungwa tangu babu afariki, na kisima kiko bondeni, njia ya kutelemka hata kwa mtu mwenye nyonga mbili nzima. Angekufa huko, nami nilijua, na yeye alijua. Kwa hiyo tangu siku hiyo kila kilichofanyika katika lile bafu nilikipima kwa nyonga ya bibi. Baba alikipima kwa macho ya wageni.

Chumba kilichochaguliwa kilikuwa stoo ndogo iliyopakana na chumba cha bibi. Upande ule ndio nyumba ya zamani: kuta za tofali mbichi, udongo mtupu, zimepakwa lipu ya saruji kwa juu ili zionekane za kisasa. Ukuta mmoja wa stoo ndio ulikuwa ukuta wa bibi, pale anapoweka kichwa akilala.

Fundi alitafutwa mwezi mzima. Wa marumaru hakuwepo mjini, au alikuwepo na ameitwa kwingine, kwa hiyo baba akamchukua fundi mwenye jina kubwa kwa sakafu za kuanikia. Ukienda vijiji vyetu vya uwandani ukaona mbele ya ghala sakafu ya saruji pana kama uwanja wa netiboli, ulezi umetandazwa juu yake, uwezekano mkubwa ni kazi yake. Alifika kwa baiskeli, amevaa koti la suti juu ya kaptula, sikioni penseli ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Pima maji alikuwa nayo, lakini kile kichupa cha katikati kilikuwa kikavu, maji yalishatoka zamani. Aliiweka ukutani hivyo hivyo, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kama daktari.

"Fundi," baba alimuuliza, "kazi ya marumaru umewahi kuifanya?"

"Mzee, marumaru ni nguo tu hiyo. Wewe niulize habari za sakafu."

Baba akafurahi mno. "Umesikia hiyo?" alimwambia mama, aliyekuwa anachambua maharage.

"Nimesikia," mama alisema, kama mtu aliyesikia mbu.

Niseme ukweli, maana daftari halina mtu wa kumfurahisha: mikono ya yule fundi ilijua kazi. Alimwaga kwanza jamvi, tabaka la chini la zege, likakauka. Akatoboa ukuta wa nje pembeni, akapitisha bomba la kutolea maji, tundu lake likakaa kwenye kona. Juu ya jamvi akatandika nailoni nzito, ile ya kufunikia mahindi, ili maji yasipenye chini. Tatizo ni kwamba aliikata ikaishia ukutani pap, kama mkeka. Kisha akachanganya mota ya juu, mchanga wa mtoni uliochekechwa na saruji, na maji kidogo sana. Alichota mkononi, akaukaba ule mchanganyiko, akafungua kiganja. Ukibaki na alama za vidole bila kudondosha tone, umeiva. Akaumwaga, akausawazisha kwa ubao akirudi nyuma kwa magoti mpaka akatokea mlangoni. Ilipendeza. Katikati ilikuwa imeinuka taratibu, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

"Sakafu lazima iwe na mgongo," fundi alisema, akijifuta. "Maji yasipate pa kulala."

"Yasipate pa kulala!" baba aliitikia, kama yuko kwenye litania.

Saruji ikishamwagwa hunyweshwa maji siku kadhaa, isipasuke. Hiyo ni kazi ya mtu asiyeulizwa maoni, kwa hiyo nilipewa mimi, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Siku ya kwanza mota ilikunywa yote. Siku ya pili ilikuwa imeshiba, na maji yakaanza kutembea. Yalianzia pale juu katikati, yakashuka pande zote nne kama watu wanaotoka kanisani. Machache yakapata tundu la kwenye kona. Mengine yote yakaenda kusimama chini ya kuta.

Nilisimama na kopo mkononi. Nikamwaga tena, polepole. Yakaenda kulekule.

Nilijua nimewahi kuyaona maji yakienda hivyo, na haikunichukua muda kukumbuka ni wapi: kijijini kwa bibi, mbele ya ghala, mvua ya ghafla ikikuta ulezi umeanikwa. Sakafu ya kuanikia ina mgongo ili maji yakimbilie pembeni yamwagike nyasini. Fundi alikuwa ametutengenezea sakafu hiyohiyo, ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta. Lakini hapa pembeni hapakuwa na nyasi. Palikuwa na udongo uliopakwa lipu, na nyuma ya udongo, mto wa kitanda cha bibi.

Basi mtu mwingine angetoka akasema. Mimi nilikwenda kuandika. Niliandika: Baba, maji yanakwenda ukutani. Maneno manne. Nikayabeba kwenda nayo shuleni, nikarudi nayo. Siku ya tatu yakanitoka mezani, asubuhi, fundi naye akinywa uji kwetu.

"Baba, maji yanakwenda ukutani."

"Maji gani?"

"Ya bafuni."

Baba akamtazama fundi. Fundi akamaliza kwanza kumeza.

"Binti, unasoma?"

"Ndiyo. Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia. Aibu hunifanya niamkie mtu mara mbili.

"Marahaba tena. Kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Wanafundisha saruji kidato cha tatu?"

"Hapana."

"Basi wewe mwagilia."

Wakacheka. Baba ndiye aliyecheka zaidi, akacheka mpaka uji ukampalia. Nikainuka, nikachukua kopo, nikaenda kumwagilia. Namdharau fundi kwa lile swali na baba kwa kile kicheko, lakini wa kwanza kwenye orodha ni yule msichana aliyechukua kopo.

Marumaru zikawekwa. Zilikuwa za waridi, katikati ya kila moja kuna kichala cha zabibu, tunda ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulila. Ziling'aa kama kioo. Kwenye katoni palikuwa na picha ya mwanamke ameegemea ukuta wa zabibu, na chini yake sakafu ya rangi nyingine kabisa. Mama alinyoosha kidole kwenye picha. "Hizi si za ukutani?" Baba akasema marumaru ni marumaru.

Juu ya ukuta wa nje likafungwa pipa, likatoka bomba lenye kichwa cha vitundu, na siku ya kufungua baba akaalika majirani. Niliandaa chai. Baba akaingia na taulo jipya, nasi sote tukakaa sebuleni tukimsikiliza mtu mzima akioga. Sijawahi kuona mkutano wa kipumbavu kama ule. Alipotoka, ananukia sabuni ya Tunduma, jirani mmoja akauliza, "Vipi, mzee?"

"Ulaya!" baba alisema.

Wakapiga makofi. Niliingia kupiga deki. Chini ya kuta tatu maji yalikuwa yamesimama, povu linazunguka kama linatafuta mlango. Nikamwita mama, mama akamwita baba.

"Ni siku ya kwanza," baba alisema. "Litazoea."

Bafu, ati, litazoea.

Bibi aliingia kesho yake. Alikwenda na fimbo, nikamwekea ndoo ya maji ya moto na kigoda, akanifukuza, akafunga mlango. Nilisikia kigoda kikigonga, tak, tak, kisha kimya, kisha tak. Alitoka haraka mno, nyuma ya masikio bado ana sabuni.

"Kigoda kinacheza," alisema. "Nikikaa juu ya ule mwinuko kinayumba. Nikikaa pembeni niko dimbwini. Na zile zabibu zinateleza kuliko mawe. Nimeoga mkono mmoja, mkono mwingine umeshika ukuta."

Alijaribu siku tatu. Siku ya nne mama akarudi na beseni, na bibi akavua kitenge chake. Nilikuwa mlangoni. Bibi aligeuza uso ukutani, na hapo, mbele ya pua yake, lipu ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu.

Baadaye nikaibonyeza. Kidole kikaingia hadi kwenye kifundo. Godoro la bibi upande wa kichwa lilikuwa limelowa.

"Nimwambie baba?"

"Mwache na zabibu zake. Amefurahi." Alikuwa ametandika kitenge kitandani na juu yake anapanga nguo, rozari, kikombe chake cha bati. "Lori lake linakwenda lini upande wa kwetu kuchukua mahindi?"

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nilipotoka shule nilimkuta fundi na baba chumbani kwa bibi. Baba alikuwa ameuona ukuta hatimaye, si kwa sababu ya bibi bali kwa sababu doa lilikuwa limevuka mpaka kwenye korido ambako wageni hupita. Bibi alikaa kitandani akiwatazama wote wawili kama mtu anavyotazama mbuzi walioingia ndani.

"Ukuta unatoka jasho," fundi alisema.

"Ndivyo nilivyodhani," alisema baba, ambaye hakuwa amedhani lolote.

"Ni baridi ya huku, mzee. Nje baridi, ndani watu wanapumua. Tunapiga lipu nyingine hapa, nzito, jasho linarudi lilikotoka."

"Linarudi! Eh, fundi, wewe."

Nilijaribu kusema pale pale. Mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu, na bibi aliuona umefunguka. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anapepeta ulezi, pumba zimejaa kwenye ungo. Nikauchukua ungo kutoka mkononi mwake.

"Wewe, unapeleka wapi?"

Nikachukua na ndoo ya maji. Niliingia bafuni, nikazimwaga pumba sakafuni pote, kisha nikamimina maji katikati, juu kabisa ya mgongo. Halafu nikaita. Sijui ile sauti ilitoka wapi. Ilitoka kubwa na mbaya.

"Fundi! Njoo uuone ulezi wako!"

Walikuja wakikimbia, walidhani nimeanguka. Pumba zilikuwa bado zinatembea. Zilishuka kwa safu, zikafika ukutani, zikasimama, mstari wa kahawia ukazunguka chumba kizima. Kwenye tundu zilifika chache.

"Hii ni sakafu ya kuanikia," nilisema. "Mvua inyeshe, maji yakimbilie nje. Sasa hapa nje ni wapi? Nje ni kitandani kwa bibi."

"We mtoto!" baba alifoka. "Unaongea na nani hivyo?"

"Na fundi," nilisema, nikashika ndoo.

Fundi hakufoka. Alichuchumaa mlangoni, akaokota pumba kidogo kwa vidole viwili, akazitazama kama vile amezipoteza mahali. Akachukua ndoo kwangu, akamimina maji mwenyewe. Akayatazama yakienda. Akamimina tena. Penseli ikaanguka sikioni, hakuiokota.

"Maisha yangu yote nimefukuza maji," alisema mwishowe, polepole. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia niyakusanye."

"Sasa tunafanyaje?" baba akauliza. "Tutoboe tundu jingine? Hata matatu, moja kila kona?" Angeweka matundu nchi nzima ili zabibu zibaki.

"Mzee, inavunjwa."

"Marumaru za Tunduma hazivunjwi!"

"Zitavunjika."

"Msivunje," bibi alisema kutoka chumbani kwake. Hakupaza sauti, ukuta wenyewe ulikuwa umeshakuwa laini. "Mimi Jumamosi naondoka na lori. Zikae tu."

Baba akaenda mlangoni kwake. Ndipo alipouona mzigo umefungwa kitandani. Ulikuwa hapo tangu jana, na alikuwa amesimama kando yake muda wote akizungumza habari za jasho.

"Unaondoka kwenda wapi, mama?"

"Kwangu."

"Kufanya nini?"

"Kuoga."

Nilimtazama baba usoni. Nilitaka aseme neno linalofaa kukaa kwenye daftari. Alichosema ni, "Watu watasemaje?" Kisha akaonekana kama amejisikia mwenyewe. Akakaa chini kwenye kizingiti cha bafu, suruali ya kadeti ndani ya maji na pumba.

"Vunja," alimwambia fundi, bila kugeuka.

Fundi alivunja mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Ijumaa mchana kutwa tulisikia nyundo. Aling'oa mpaka kwenye jamvi. Bibi alisema lori la Jumamosi hii litangulie, yeye atapanda la Jumamosi ijayo, na mzigo wake haukufunguliwa. Kila siku alichomoa nguo moja kutoka pembeni, akavaa, akairudisha.

Mara hii nailoni ilipanda ukutani kiasi cha kutoka kiwiko mpaka vidole, ndipo lipu ikaja juu yake, ili maji hata yakigusa ukuta yateremke ndani ya nailoni. Fundi alipigilia msumari penye tundu, akafunga kamba, akaivuta hadi kila ukuta kwenye alama zenye kimo kimoja, na mota yote ikafuata kamba, ikiteremka kutoka kuta kuja kwenye tundu. Pima maji yake aliiacha kwenye baiskeli. Ilipoanza kushika akaniita. Hakuniomba radhi, na mimi sikutegemea. Hata usoni hakunitazama.

"Binti, mwaga. Pale."

Nikamwaga.

"Yanakwenda wapi?"

"Kwenye tundu."

"Kona ile."

"Kwenye tundu."

"Nyuma ya mlango. Polepole, usiyasukume."

"Yamesimama kidogo. Hapo."

Akachukua mwiko akapakwangua, akasawazisha kwa kiganja, akasema mwaga tena. Tulifanya hivyo hadi ndoo ya tatu. Baba alikuja akachungulia, akasema mbona hakuna mgongo. Mimi nikamwaga, fundi akayafuata maji kwa macho.

Marumaru nzima zilizobaki hazikujaza hata nusu. Fundi akachukua vipande. Alivipanga vidogovidogo, saruji nyingi kati yake, hapa nusu ya kichala, pale jani, pale waridi tupu. Alisema vipande vina kingo nyingi, mguu utapata pa kushika. Baba akatazama ile kazi akiwa ameshika kiuno.

"Linaonekana kama sahani zilizoanguka harusini," alisema.

Na kwa hilo alisema kweli. Ni sakafu mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Katoni moja tupu, yenye picha ya yule mwanamke, aliirudisha sebuleni, na hadi leo huwaonyesha wageni katoni.

Ijumaa iliyofuata, jua likiwa bado lipo, bibi alisema yuko tayari. Akaenda na fimbo, nikatanguliza ndoo na kigoda. Alikisukuma kigoda kwa ncha ya fimbo, huku, kule. Kilitulia. Akanitazama, akatazama mlango, nikatoka. Komeo likaingia.

Koridoni tulikuwa watatu. Mama alijifanya anafagia mahali alipokwisha kufagia. Baba alikuwa anakagua doa la ukutani, ambalo lilikuwa limeshakauka. Mimi nilizunguka nje kwenye bomba nikachuchumaa. Kwa muda hakikutoka kitu, nikaanza kuhesabu pumzi. Kisha maji yakaja, kidogo, halafu mengi, ya kijivu, yana povu, yanaingia kwa sauti kwenye shimo la maji machafu. Nilirudi ndani nikaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha bibi. Mkavu.

Alikaa muda mrefu sana. Maji yalimwagika, yakanyamaza, yakamwagika. Baba hakuweza kuvumilia.

"Mama? Uko salama?"

Akagonga mlango.

"Mama!"

"Mko wangapi hapo?" bibi aliuliza kutoka ndani.

"Watatu," baba akasema.

"Hamna kazi?"

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. Baba akaanza kueleza kwamba alikuwa anapita tu.

"Leteni maji mengine ya moto," bibi alisema. "Wekeni mlangoni, halafu muondoke."

Nikakimbia jikoni, nikaja na ndoo, nikaiweka, nikasogea. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita. Mkono wenye povu ukatoka, ukashika mshikio, ukaivuta ndoo ndani kwa shida, taratibu, maji yakimwagika kidogo kizingitini. Baba alinyoosha mkono wake kusaidia. Mlango ukafungwa usoni pake, komeo likarudi.